Kitabu cha Mapishi na Mgongo wa Baba Mkwe

Jamani, hili nimelificha miaka mingi, na hata sasa nikipita Ikuti nikaliona paa la lile kanisa nainamisha uso. Lakini aibu ni yangu mwenyewe, sina wa kumsingizia, basi acha niseme.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka ya Tukuyu yameanza kujaa vitu, na mimi mwalimu wa kike niliyeletwa Ikuti kutoka Singida (mtu wa uwele na mlenda, nimepelekwa kwenye mvua isiyokatika) nilikuwa nahariri kijarida cha usharika, kurasa nne tu, tunazitoa kwa stensili mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Rafiki yangu wa duka la vitabu Mbeya akaniletea boksi la vitabu kumi vya mapishi, bure, kila pishi na mstari wake wa Biblia: dengu za Esau, samaki wa kuoka wa Galilaya, mikate ya mjane wa Sarepta. Nikasema hivi havikai kabatini, atakayejibu maswali ya kwenye kijarida bila kukosea anapewa kimoja.

Kati ya waliopata yote alikuwemo Mama Lusajo. Mama huyu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la kisomo, jioni akitoka kuchuma chai, na ukiacha Biblia hakuwa na kitabu chake hata kimoja. Kila Jumapili alikuwa ananiuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli vitatolewa au ni maneno tu.

Sasa hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Nikapanga zawadi zitolewe baada ya ibada, na mgeni rasmi awe Mzee Ambakisye, mzee wa kanisa, ambaye ni baba mkwe wa Mama Lusajo. Nikaona itapendeza mno mkwe amkabidhi mkwe, nikaacha jina lake liwe la mwisho, tena nikalifanya siri (kwa hiyo hata aliyetaka kuniokoa hakupata nafasi). Nilichokuwa sijui, na miaka mitatu nimekaa pale nakula ndizi zao, ni kwamba kwa wazee wa Kinyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, akimwona kwa mbali njiani anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Pamoja na Ukristo wao wote, hilo walikuwa hawajaliacha. Kwetu mimi baba mkwe namtengea chakula na soga tunapiga!

Vitabu tisa vikaenda vizuri. Nilipotaja jina la kumi, Mama Lusajo akajifunika kanga gubigubi pale benchi la nyuma. Jirani yake akainuka akasema atampokelea, nikakataa, nikasema kwa ile sauti yangu ya darasani kwamba mshindi aje mwenyewe. Hakuja. Nikadhani ni haya tu, nikamfuata, nikamshika mkono, nikamvuta, naye anaburuzika, watu wanasema mwalimu, mwalimu, na mimi nawapungia nikidhani wananishangilia. Tulipofika katikati nikainua macho, mgeni rasmi hayupo. Mzee mzima ametoka nje kwa mlango wa pembeni, kofia kaiacha mezani, mvua inamwagika. Mama Lusajo akachomoka mkononi mwangu akakimbilia mlango wa nyuma.

Mwinjilisti akaja kuninong'oneza mila yenyewe. Nikatamani ardhi ipasuke. Aibu yangu ningeibeba, ila nilijua nimemponza mwenzangu: kesho ataambiwa kusoma ndiko kulikomkosesha adabu, na kitabu alichokililia hatakigusa tena.

Mara tukasikia sauti ya mzee kutoka nje, kwenye mvua.

"Mwalimu, kitabu kiweke juu ya kile kiti changu. Mimi huku natazama migomba. Aje achukue, asiharakishwe."

Nikakiweka. Mwinjilisti akaenda kumwita. Mama Lusajo akaingia polepole, akakichukua, akakikumbatia kifuani, akatoka. Muda wote huo mzee kasimama palepale, hajageuka.

"Amechukua?"

Tukamjibu amechukua.

"Ndaga," akasema. Anashukuru yeye, niliyemfukuza mimi kanisani!

Jumamosi Mama Lusajo akaja kwangu na bakuli la dengu za Esau, ila dengu Ikuti utazitoa wapi, kaweka maharage na ndizi. Nikaanza kuomba radhi, machozi yananilenga, akanikatiza akicheka, akaniambia bakuli lingine kama lile ameshalipeleka kwa mama mkwe, na mzee kakomba lote. Halafu akaongeza:

"Mwalimu, miaka kumi na moja nimeolewa pale, nilikuwa sijui kama yule mzee ananihesabu. Siku ile nikakosa adabu, nikachungulia mara moja. Nikaona mgongo wake, koti limelowa lote."

Nilikula lile bakuli nikilia, na sioni haya kulisema. Watu wale wangeweza kunitangaza wilaya nzima, wakanisamehe, nami nawashukuru mpaka leo. Ila ujuaji niliuacha palepale: zawadi yoyote sasa naiweka kwanza juu ya kiti, halafu nawauliza wenyeji nani aje kuichukua, na nani kwanza atoke nje.