Msimulizi Hashiki Ukili

Harufu ya miyaa iliyorowekwa majini hunipata popote nilipo na kunirudisha Likoni bila kuniuliza kama nina nafasi. Si harufu nzuri. Ni ya majani yaliyolala, na kamba mbichi, na kwa mbali ule ubaridi wa ndani ya mtungi. Mwezi uliopita ilinikuta sokoni Kisumu, mji ninaokaa kwa sasa kama nilivyokaa mingine mingi. Mwanamke mmoja alikuwa ameloweka matete yake ya kusukia vikapu, nami nikasimama mbele ya beseni lake hadi akaniuliza nanunua au naangalia tu. Nikamwambia naangalia. Kusema kweli nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa nawasikia wanawake wa ua wa nyanya wakibishana juu ya sinema.

Vita vikubwa vilikuwa vimekwisha, na sukari ilikuwa imeanza kuonekana tena madukani. Kila alasiri wanawake walikusanyika uani kwetu kusuka ukili, ile mikanda mirefu ya miyaa, majani ya mkindu yaliyochanwa, ambayo baadaye hushonwa ikawa mkeka. Nyanya alikaa karibu na mlango wa jikoni na kusema kidogo. Bi Mishi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alisema kwa niaba yake na ya wengine pia. Mama Kadzo, Mkristo wa Rabai ambaye mumewe alikuwa kuli bandarini, alikuja na kigoda chake mwenyewe kwa kuwa hakuamini vya kwetu. Na alikuwepo khaleti Zuhura, mdogo wake mama, ambaye nililala naye kitanda kimoja. Mimi nilipewa ukili mwembamba wa kujifunzia, na kila jioni nyanya aliufumua.

Siku moja kila juma, jumba moja la sinema kule kisiwani Mombasa, ng'ambo ya maji, liliwafungia wanaume mlango na kuwaonyesha wanawake peke yao picha za Kihindi. Khaleti aliwahi kuwashonea Wahindi nguo kabla hajaolewa, kwa hivyo maneno yao mengi aliyajua. Mara chache nyanya alimruhusu kwenda, akanichukua na mimi, kwa sharti moja: adhana ya magharibi itukute nyumbani. Na feri ilikuwa feri, haikumngoja mtu amalize sinema. Basi kila picha tuliyoiona tuliiacha kabla ya mwisho. Tulitoka gizani tukijikwaa kwenye miguu ya wenzetu, mabuibui yakivutwa na viti, huku nyuma yetu nyimbo zikiendelea.

Ndiyo maana sinema za Likoni hazikuwa na mwisho. Khaleti aliporudi alizisimulia mpaka pale tulipoinuka, na mwisho ukawa mali ya ua mzima.

Kulikuwa na desturi yake. Anayesimulia hashiki ukili. Sinema haisimuliwi kwa mdomo mtupu: mikono ndiyo hufungua milango, hulia, hupanda farasi. Lakini mtu asirudi kwao mikono mitupu kwa kuwa amewafurahisha wenzake. Basi miyaa ya msimulizi iligawanywa, na kila mmoja alimsukia sehemu yake.

Sasa nieleze lililotukuta. Mume wa khaleti, Athumani, alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akakaa miaka bila salamu wala sababu. Khaleti alirudi kwa mamake, akaanza kushona kofia za viua, na watu wakaacha kumuuliza. Kisha siku moja akatokea ami yake Athumani, mzee mpole mwenye fimbo, akasema kijana amerudi Mombasa na amtaka mkewe afunge vyombo. Nyanya akaomba muda. Wakaafikiana mzee arudi kuchukua jibu mwezi ukiandama.

Juma lile lile tulikwenda kisiwani. Picha ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda mji wa mbali kutafuta utajiri, akamsahau. Miaka ikapita. Jioni moja ya mvua mume akarudi, nguo zimeraruka, akabisha hodi. Mwanamke alisimama upande wa ndani ameshika taa, mkono umefika kwenye komeo. Hapo khaleti akanishika bega, tukainuka. Feri.

Kesho yake aliisimulia, na ua ukagawanyika.

"Mwenye mlango ni mume," akasema Bi Mishi. "Afungue. Mume ni mume hata akirudi amelowa."

Niseme hapa kwamba Bi Mishi hakuwahi kuingia sinema maishani mwake, na ndiye aliyekuwa na maoni mengi kuliko sote.

"Kalowa kwa mvua ya leo," akajibu Mama Kadzo. "Mvua za miaka yote ile alikuwa wapi?"

"Aliimba njiani kwa majuto, Zuhura si kasema? Aliimba mpaka akakohoa."

"Mwenye pumzi ya kuimba mvuani ana pumzi ya kubeba kuni. Ampe maji anywe, amwonyeshe njia."

"Weye huna huruma, Mama Kadzo."

"Ninayo. Yule wa ndani ndiye namhurumia, na taa yake yenyewe yaelekea kwisha mafuta."

Waliicheka taa ile, wakairudia. Siku ya pili walimwomba khaleti aanze tena, na ya tatu vilevile. Kila mara alifika kwenye komeo akaishia hapo. Wakimsihi aongeze, husema, "Niliona mpaka hapo. Nisichokiona sikisemi."

Lakini alikuwa akiongeza, nami niliyekuwepo nilijua. Siku moja yule mwanamke alikuwa na cherehani chumbani. Siku nyingine majirani walimletea vitambaa awashonee, na jina lake likajulikana mji mzima. Nikashindwa kuvumilia.

"Khaleti, juzi hakuwa na cherehani."

Wote wakanitazama. Nyanya akaniita.

"Saumu."

"Abee, nyanya."

"Suka."

Nikasuka, nimenuna. Nilikuwa na hakika nimemkamata mtu mzima akisema uongo, na hakuna aliyenishukuru.

Mabishano yakaendelea kwa wiki, na maoni yakaanza kubadilika. Bi Mishi, aliyemfungulia mume mlango siku ya kwanza, sasa alitaka aulizwe kwanza kama kule mjini ana mke mwingine. Mama Kadzo, aliyekuwa amekwisha mfukuza, akakubali kuwa huenda alikuwa mgonjwa, maana mashamba yale huua watu, wala sinema haikuwa na shamba hata moja. Nyanya peke yake hakutoa rai. Alisuka tu, na fungu la khaleti alilolisuka yeye lilikuwa refu kuliko la wote.

Mwezi ukaandama. Ami yake Athumani akaja, akakaribishwa kwenye baraza ya nje akapewa kahawa. Nyanya akamwamkia, akaingia uani. Nikasikia kikombe kikiwekwa chini huko nje. Nilitazamia amuulize khaleti habari za Athumani. Akauliza:

"Zuhura, yule mwanamke. Alifungua?"

Khaleti alikuwa amekaa na mikono yake mapajani. Bi Mishi akafungua mdomo, na Mama Kadzo akamkanyaga mguu, nilimwona. Khaleti akanyoosha mkono, akauchukua ukili wake kutoka kwa nyanya, akaendelea kuusuka pale nyanya alipouachia.

"Alifungua dirisha, mama," akasema. "Akamuuliza, wataka nini? Jibu alitaka kulisikia kwa kinywa cha mume mwenyewe, si cha mtu mwingine."

Nyanya akaitikia kwa kichwa, akatoka kwenda kumwambia mzee.

Nami nilikasirika, kwa kuwa kwenye sinema ile hapakuwa na dirisha.

Athumani akaja mwenyewe. Alisimama nje ya dirisha la chumba chetu, kofia mkononi, jua limemkabili, na khaleti akamuuliza lile swali. Siku ile alijibu kwa maneno mengi, akaambiwa aje siku nyingine. Akaja. Alikuja mara nyingi, na kidogo kidogo majibu yake yakawa mafupi na ya kweli. Mlango ulipofunguliwa, ni yeye aliyehamia Likoni, na kofia za khaleti ziliendelea kushonwa. Nyanya alikuwa akisema mlango hufunguliwa na aliye ndani. Wakati ule nilidhani anazungumzia komeo.

Miaka mingi baadaye, katika kuzunguka kwangu, niliikuta picha ile ile katika jumba moja bovu kule Dodoma. Sikuwa na feri ya kuwahi, nikakaa hadi mwisho. Mwanamke alifungua mlango mara moja, akamwangukia mumewe miguuni, wakaimba, taa zikawashwa. Basi. Nilibaki kitini nikiwaza kwamba Mama Kadzo angedai kiingilio chake kirudishwe.

Nilipofika Likoni nilimweleza khaleti. Alikuwa uani, nywele nyeupe, miyaa mapajani, na mimi nilikuwa nimeshika fungu langu nikijaribu kusuka kwa vidole vilivyosahau. Nilimwambia jinsi mlango ulivyofunguka, jinsi walivyoimba. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Aa," akasema, "hao hawakuwa na Bi Mishi."

Hapo ndipo nilipoielewa cherehani, na dirisha, na wiki zote zile za kelele ambazo utotoni niliziona ni ubishi wa watu wasioijua sinema. Khaleti alikuwa na jambo la kuamua ambalo mtu hawezi kuliamua huku mikono yake imeshughulika. Wenzake waliligeuza upande huu na upande huu mbele yake, bila kulitaja jina lake hata mara moja, na kazi yake ya mikono wakamfanyia wao mpaka alipokuwa tayari kuishika.

"Na yule mume," khaleti akaniuliza, "alirudi na viatu au miguu mitupu? Nimesahau."

Nikanyanyua mikono kumwonyesha alivyokuwa akitembea kwenye matope. Khaleti akainama, akaichukua miyaa yangu mapajani mwangu, akaanza kunisukia.