Mawe ya Apolinaria

Apolinaria binti Lugembe alikuwa mbishi, na kufikia mwaka ule wa 1949 watu wa Usinge walikwisha kumzoea. Ukimsifia perege, atakuuliza kama umewahi kuonja kambare wa mawe. Kambare huyo hazidi kidole cha mkono, mdomo wake uko chini ya kichwa, na hujibandika kwenye jiwe hata maji yampige kwa kasi namna gani. Apolinaria aliwavua kama marehemu mama yake alivyomfundisha: tega tenga kule maji yanakoelekea, inua jiwe, wapapase waangukie ndani, wadogo warudishe, kisha lilaze jiwe vilevile lilivyokuwa. Mawe yale aliyarithi. Hakumwonyesha mtu, na alitaka bintiye Veneranda ayakute na samaki wake.

Kwaresima ilipopamba moto akateguka mguu. Majirani walikuwa wakitegemea kitoweo chake, na yeye hata kisimani hafiki. Ndipo akamwamini Koleta, mke wa kaka yake, akamwelekeza jiwe kwa jiwe.

"Utupa usiingie pale, wifi. Sumu ile huua mpaka mayai."

"Jamani, wifi! Mimi nikufanyie hivyo?"

Alhamisi Kuu asubuhi Koleta akaja, akamkanda mguu, akaomba kinu. Apolinaria alijilaza akisikiliza mchi uani, akidhani anatwangiwa kisamvu. Akamshukuru Mungu kwa kumpa wifi mwenye utu. Machozi yalimlengalenga, maskini wa watu.

Jioni Koleta akatua chungu kilichojaa tele. "Kesho mtakula mpaka msaze, wifi."

Apolinaria akachungulia. Kambare wa mawe akiletwa mzima hung'ang'ania ubavu wa chungu, mpaka umbandue kwa ukucha. Hawa walilala chini matumbo juu, na wengi walikuwa vitoto vya juzi.

"Umetia nini mtoni, Koleta?"

"Maji yale yana kasi, wifi. Jiwe moja moja ningemaliza lini?"

Moyo ulimuuma Apolinaria kuliko mguu. Akajikokota akishika ukuta mpaka uani, akainamia kinu. Hamkuwa na kisamvu. Mlikuwa na makapi ya majani ya utupa, yamegandia pande zote.

Kinu kile nacho aliachiwa na mama yake, siku ileile alipoachiwa mawe.