Nilisema Nitakuja Mwisho wa Wiki

Nianze na waliokuwepo. Alikuwepo mama mkwe wangu, Wegesa, mzaliwa wa Butiama, niliyeishi naye nyumba moja pale Mwisenge, Musoma mjini. Alikuwepo shemeji yangu Majura, kaka wa mume wangu, mwenye pikapu ya kijani iliyokuwa haiwaki mpaka isukumwe. Mume wangu mwenyewe alikuwa kazini Mwanza. Na huko Murangi, kijiji cha ziwani, alikuwepo dada yangu Nyangeta, ambaye mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa, pamoja na mumewe Masatu, mvuvi. Mimi ni Nyamisi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na mdomo mwepesi.

Mwanangu, ninyi siku hizi ikifika Ijumaa mnatakiana wikiendi njema. Sisi tulisema mwisho wa wiki, na ni hizo hizo Jumamosi na Jumapili. Wakati ule maofisini walitokaga Jumamosi saa sita mchana, na kuanzia hapo mpaka Jumapili jioni ndipo watu wanafua, wanasali, wanatembeleana. Ukikutana na mtu njiani unamwambia, "Nitapita mwisho wa wiki," anakujibu, "Karibu sana," na asipokuona wala hakasiriki. Anajua ulikuwa unamsalimia tu. Ni neno zuri, mimi silikatai. Ila nililitumia mahali ambapo halikutosha.

Ilikuwa Jumatano. Mama mmoja wa Murangi, muuza dagaa, alikuja mlangoni na ujumbe wa Nyangeta. Mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa tisa. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na nesi wa zahanati alimwonya kwamba huyu wa pili asijaribu kumzalia kijijini, atakufa. Kwa hiyo aje akae kwangu, karibu na hospitali, angojee siku zake. Aliomba nimfuate na gari la shemeji, maana basi la upande ule lilikuwa limelala mwezi mzima kwa kukosa tairi.

"Mwambie nakuja kumchukua mwisho wa wiki," nikasema.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Siku gani?"

"Si nimesema mwisho wa wiki, mama."

"Nimesikia. Nauliza siku gani, asubuhi au mchana. Mwenzio huko anahesabu siku kwa vidole."

"Jamani, mama! Nyangeta ni dada yangu, tunaelewana."

Yule mama wa dagaa akacheka. "Mkweo anataka ukate na tiketi kabisa." Akaondoka na maneno yangu hivyo hivyo yalivyo.

Jumamosi asubuhi Majura alikuwa ameshapata mafuta, gari liko mlangoni. Ndipo tukasikia duka la ushirika limeletewa vitenge na sabuni. Mwanangu, wewe umezaliwa ukakuta maduka yamejaa. Sisi tulifikia kufua kwa majani ya mpapai. Nikamwambia Majura, "Shemeji, ngoja kwanza nipange foleni. Hata kesho bado ni mwisho wa wiki." Nikaweka tofali langu la kushikia nafasi kwenye mstari kama wenzangu, nikasimama. Nilirudi saa kumi na moja jioni na vipande viwili vya sabuni. Vitenge viliisha wakiwa wamebaki watu wanne mbele yangu. Mama mkwe alinipakulia chakula, akarudi jikoni.

Jumapili nayo nikaenda kwanza misa ya asubuhi, maana nilikuwa kwenye kwaya. Tukaondoka saa nne. Sasa niwaeleze jambo mjue kwa nini tulikuwa tunakimbizana na saa. Kwa ajili ya shida ya mafuta, kulikuwa na amri kwamba Jumapili ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yasionekane barabarani mpaka kesho yake, isipokuwa yenye kibali. Majura alihesabu saa mbili za kwenda na mbili za kurudi, tukaona tutafika mjini saa nane kamili, kama hakuna kitakachoharibika. Mama mkwe alipanda bila kumwuliza mtu, na kanga mbili na wembe mpya uliofungwa kwenye karatasi.

Kabla ya Mugango tukapata pancha. Kuziba na kupampu kwa mkono kukala nusu saa nzima.

Tulimkuta Nyangeta ameketi juu ya mfuko wake nje ya nyumba, viatu miguuni, jasho linamtiririka. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri.

"Mmefika, shemeji," Masatu alisema, lakini hakunitazama. "Hivyo viatu amevivaa tangu jana asubuhi. Nikimwambia avue, anasema gari litapiga honi mara moja tu. Jana mtumbwi wa Magesa umepeleka dagaa Musoma. Wamemtengea nafasi, wamemtandikia na mkeka. Amekataa. Anasema mdogo wangu amesema mwisho wa wiki, na leo ndiyo mwisho wa wiki."

Tukamlaza nyuma ya pikapu, mama mkwe akampakata kichwa, tukaondoka. Kila shimo la barabara alilia. Baadaye akaacha kulia, na hiyo ikanitisha zaidi.

Kizuizi tulikikuta kabla ya Bweri. Saa ya Majura ilisema saa nane na nusu.

"Kibali," akasema askari.

"Afande, tuna mgonjwa."

"Kila gari la Jumapili lina mgonjwa. Wiki iliyopita nimefunua blanketi nikakuta mgonjwa ni kreti tatu za bia. Zima gari."

"Afande, likizimwa haliwaki tena."

"Zima!"

Majura akazima. Nikaanza kumlilia yule askari, naye akanielekeza niende kumwomba bosi wake, na bosi mwenyewe yuko mjini. Hapo mama mkwe akapaza sauti kutoka nyuma. "Baba, acha kubishana na hao watoto. Njoo uone mwenyewe."

Askari akaenda, akachungulia. Kanga zote mbili zilikuwa zimelowa damu. Nilimwona akivua kofia. Halafu akaanza kupiga kelele kuwaita watu waliokuwa wanatoka kanisani, akaegemeza bega lake mwenyewe kwenye bodi la gari. Tulisukuma, likakohoa likanyamaza. Tukasukuma tena. Mara ya tatu ndipo likashika.

Tulifika hospitali, akapasuliwa, na Mungu alikuwa mwema, mama na mtoto walipona. Lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umechanika, daktari akautoa. Nyangeta alikuwa na miaka ishirini na sita. Maneno ya ukweni kwamba Masatu aoe mwingine aliyasikia miaka mingi, na chanzo nilikuwa mimi.

Nje ya wodi mama mkwe aliniambia, "Ulipokuwa kwenye foleni ya vitenge, mwenzio alikuwa anasikiliza honi. Nimesema, sitarudia." Na hakurudia mpaka anakufa.

Nyangeta alipoweza kuongea nilimwuliza kwa nini hakupanda mtumbwi. Akanishangaa. "Ningepanda, ungekuja ukanikosa. Ungerudi bure, umemaliza mafuta ya watu."

Basi, mwanangu. Mwisho wa wiki uendelee kuusema, waalike watu, watakie mapumziko mema. Lakini mtu akikuambia shida yake na anakutegemea wewe, mtajie siku na saa. Kama hujui, mwambie sijui, ili atafute njia nyingine mapema. Na ukibadilisha, tuma mtu siku hiyo hiyo. Ninyi mna simu mfukoni, sisi hatukuwa nazo.

Mungu awape kauli ya kuaminika na miguu ya kuifuata. Awafikishe salama kwa kila anayewangoja. Na wale wa Murangi na Mwisenge mtakaosoma, kama nimekosea jina la mtu, au pengine pancha ilikuwa baada ya Mugango na siyo kabla, nisahihisheni nikiwa bado hai.