Mama Mihuri na Mashine ya Nukta Nundu

Mjini walimwita Mama Mihuri, kwa sababu karatasi yoyote iliyotoka mezani kwake haikukosa mihuri mitatu. Alikuwa wakala wa mizigo. Mtu akinunua kitu ng'ambo, yeye ndiye aliyetafuta nafasi melini, akaandaa hati, akasimama mbele ya maofisa wa forodha na kupata lori la kufikisha mzigo mlangoni. Mama mkwe wake, aliyeishi naye, aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ana meli.

"Sina meli, mama," alimwambia. "Sina hata mtumbwi."

"Sasa kazi yako ni ipi, mwanangu?"

"Kuwasumbua wenye meli."

Na kusumbua alikujua. Alianza kama mpiga chapa katika kampuni moja ya meli. Kampuni ilipofunga tawi lake, alikwenda kufanya mtihani wa leseni ya uwakala, akafeli. Akarudia, akafeli kwa alama mbili. Mara ya tatu alifaulu, akapanga chumba juu ya duka la matairi, chumba chenye dirisha lisilofunga na harufu ya mpira iliyopanda ngazi tangu asubuhi.

Siku moja ngazi hizo zilipandwa na mwalimu mkuu wa shule ya wasioona, mwenyewe akiwa haoni, akizihesabu kwa fimbo yake.

"Nina wanafunzi sitini na vitabu vitatu vya hisabati," alisema alipokwisha kukaa. "Wanasoma kwa zamu. Nukta zimesagika, kidole hakijui kama ni nane au ni uchafu. Tumepata wafadhili wa kutununulia mashine ya kuchapa nukta nundu. Mtihani wa mwisho uko wiki tisa mbele."

"Niachie karatasi, mwalimu. Mashine itafika."

Alilisema neno hilo kwa urahisi. Wiki ya tano meli ilitia nanga, makontena yakashushwa, la shule halikuwemo.

Karani wa kampuni ya meli alitazama kompyuta yake. "Limebaki bandari ya katikati, pale mizigo inapobadilishwa meli. Litapanda ile ya baada ya wiki tatu."

"Limebaki kwa nini?"

"Mfumo hausemi."

"Aliyelishusha anajua. Nitafutie namba yake."

Alipigwa danadana siku mbili, huyu akimtupa kwa yule. Siku ya tatu aliwasha simu alfajiri, kabla ya chai, akampigia wakala mwenzake wa bandari ile. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja bila kuonana, naye alimwita Kaka Sauti. Kufikia saa nne Kaka Sauti alikuwa na jibu.

"Dada, tatizo ni betri. Hati inasema ndani kuna betri kubwa ya akiba. Betri ni mzigo wa hatari, ina fomu yake, na fomu haipo. Meli ikalikataa kontena."

Mama Mihuri alichambua faili lote sakafuni. Shule haikuagiza betri. Ilikuwa nayo tayari. Kumbe mtu kiwandani alinakili orodha ya mteja mwingine na kuigonga muhuri bila kuisoma. Alipopiga simu kiwandani, sauti ya mashine ilimwambia kwamba wote wako likizo ya mwaka.

Hapo wengi wangenyoosha mikono. Yeye alichukua kijitabu cha maelekezo ya mashine, akakisoma ukurasa kwa ukurasa mpaka jalada la nyuma, na pale chini, kwa herufi za kuumiza macho, akakuta namba ya fundi. Fundi alipokea akiwa kwa wakwe zake. Ndiyo, aliifunga mashine ile mwenyewe. Ndiyo, alipiga picha. Ilionekana nafasi ya betri ikiwa tupu, na picha ya mwisho ilionyesha namba ya kontena. Siku hiyo hiyo fundi alimtafuta msimamizi wake nyumbani, orodha sahihi ikatiwa sahihi. Kesho yake Kaka Sauti aliwafungulia wakaguzi kontena, wakajionea, wakalifunga upya.

"Limeruhusiwa, dada," alisema. "Ila meli ya Alhamisi imejaa pomoni."

Katika meli hiyo Mama Mihuri alikuwa na kontena moja la mteja mwingine, muuza vigae aliyekuwa akijenga duka jipya. Angeweza kuliondoa kimya kimya na kumwambia mwenyewe kwamba meli ilijaa. Nani angejua? Alikaa na wazo hilo kitambo, halikumkaa vizuri. Akatwaa mkoba wake akashuka ngazi.

Muuza vigae alisikiliza habari ya mashine na mtihani wa watoto wasioona, mikono ikiwa kifuani. "Wiki tatu? Mafundi wangu wanasubiri."

"Nimepitia kwenye jengo lako nikija. Paa bado, na fundi mkuu amelala ndani ya toroli. Vigae utavitandika kwenye mvua?"

Alikuna kidevu. "Na nikikataa?"

"Vitapanda Alhamisi, na nitavitoa bandarini kama siku zote. Nafasi ni yako, ndiyo maana nimekuja kukuomba."

Muuza vigae akauliza, "Hao watoto wanasoma hesabu kwa vidole kweli?"

"Tena haraka kuliko mimi na wewe kwa macho."

"Leta barua nitie sahihi."

Kontena la shule lilipanda meli ya Alhamisi, likafika siku sita baadaye. Ofisa wa forodha alimwambia arudi kesho. Barua ya shule ya kuomba msamaha wa ushuru ilikuwa bado haijapitiwa.

"Nitasubiri," alisema, akavua viatu, akakaa kwenye benchi lililotazamana na meza yake. Kila mara ofisa alipoinua macho, alimkuta akimtazama bila hasira, kama mtu anayengoja wali uive. Saa kumi kasoro ofisa alilivuta faili, akalisoma, akagonga muhuri.

Shuleni watu wazima kumi na wawili waliishusha mashine juu ya mbao, wakihema. Ilipowashwa ilinguruma, ikakohoa, ikatema ukurasa wa kwanza. Msichana wa darasa la juu aliupokea, vidole vikakimbia.

"Mwalimu, swali la nne lina kosa. Wameruka namba."

"Kosa linalosomeka," alisema mwalimu mkuu, na uso wake wote ukafunguka. Mama Mihuri aliupitisha mkono wake juu ya ukurasa huo. Hakuelewa hata nukta moja, lakini hakuuondoa upesi.

Mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi na tatu. Mashine haikupumzika, kufikia Jumatatu kila mwanafunzi alikuwa na kitabu chake.

Miezi miwili baadaye, mwalimu mkuu alipiga simu kusema kwamba hamsini na wanne kati ya sitini wamefaulu hisabati. Simu ilimkuta kwenye foleni ya forodha, na kontena la mtu mwingine mkononi mwa sheria.

"Vizuri sana, mwalimu," alisema. Alibaki ameishika simu iliyokwisha kukatika, mpaka mtu wa nyuma akamgusa bega na kumwambia foleni imesogea.