Mchezo Niliouandika Mara ya Pili

Mwanangu, sogea karibu. Kuna siku moja ya usichana wangu ambayo bado naiona kama ya jana.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Bunia. Nilisoma sekondari, nikikaa mtaa wa Rwambuzi kwa shangazi Akumu, mshonaji wa nguo. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu, alikuwa ameletewa zawadi na rafiki yake wa Ulaya: kompyuta ndogo, siye tuliiita ordinatere. Iliunganishwa na televizyo, na programu zake zilihifadhiwa kwenye kaseti, hizi hizi za muziki. Wenzangu waliitazama wakachoka. Mimi niliing'ang'ania. Kila alasiri gurupe, ile jenereta ya shule, ilipowashwa nilikuwa pale, kitabu cha Kifaransa magotini, nikiifundisha mashini amri moja moja, mpaka ikajua kucheza na mtu ule mchezo wetu wa mbegu na vishimo.

Prefe alifurahi sana. Akasema nitauonyesha siku ya wazazi. Moyo wangu uliruka, kwa maana baba angekuja. Baba alichuuza samaki wa ziwani mpaka Komanda, na alikwisha kusema kwamba msichana amesoma vya kutosha, sasa amsaidie biashara. Mchezo ule ndio ungekuwa wakili wangu.

Sherehe ikikaribia, niliweka kaseti, mashini ikakataa. Niliitia kaseti ile kwenye redio, nikasikia gitaa! Ngabu, mwanafunzi mwenzetu aliyepiga katika orkesta moja ya mtaa wa Lumumba, alikuwa ameisikiliza, akasikia mikwaruzo tu, akadhani imeharibika. Akarekodi wimbo wake juu.

Nilifika nyumbani nikilia. Shangazi hakuinua hata mguu kwenye cherehani.

"Ile mambo uliandika na kichwa ya nani?"

"Yangu."

"Na kichwa, wamerekodi juu yake pia?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi pangusa macho. Ukimaliza kuandika tena, leta kaseti ingine nikuwekee hapa. Mwenye shamba haweke mbegu yote mu gala moja."

Kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, mwanangu. Niliandika upya. Na njia niliijua sasa: pale nilipozunguka mwanzo, nilikata moja kwa moja. Ngabu akaja, macho chini. "Dada, nisamehe. Sikujua. Niambie nifanye nini." Ningeweza kumfukuza, lakini hasira ni hasara. Nikamwambia alete gitaa. Akapiga sauti moja moja, nami nikaitafuta kila moja katika kile kisauti chembamba cha mashini, mpaka mchezo ukawa unamwimbia mshindi mwanzo wa wimbo wake.

Siku ya wazazi, baba aliketi mbele ya televizyo kwa majivuno ya mtu asiyeshindwa sokoni. Mashini ikamla mbegu zote. "Hii kitu iko mwizi!" Watu wakacheka. Akarudia, akashindwa tena, ule wimbo ukalia, vijana wakacheza.

"Nani aliifundisha?" akauliza.

Prefe akaninyooshea mkono. Baba alisimama, akaweka koti lake sawa, akawageukia wazazi wenzake. "Munamuona ule? Njo mutoto wangu."

Tukirudi nyumbani akasema: "Samaki nitauza mwenyewe. Weye soma."

Nimefanya kazi na mashini maisha yangu yote, na nimesifiwa na wakubwa. Hakuna sifa iliyozidi maneno hayo.

Kwa hiyo nakuusia: unachokitengeneza kifunge vizuri, na nakala yake ikae mahali pengine, kwa mtu unayemwamini. Akiba haiozi. Kikipotea, usikae kwenye kilio. Aliyekitengeneza yupo bado. Na aliyekukosea bila kujua, mpe kazi ya kufanya pamoja nawe, pengine analo jambo lililokuwa limekupungukia.

Mungu abariki vidole vyako na akili yako, mwanangu. Akupe kazi utakayoifurahia, na walimu wasiokuhurumia kupita kiasi. Uende na amani.