Treni ya Magurudumu ya Mpira

Miaka ile ya sabini, nikingoja basi la Koboko pale kituoni Arua, nilimkuta fundi rangi, Mkongo, akichora treni ukutani. Treni yenyewe ilikuwa na magurudumu ya lori, ya mpira, kumi mazima.

Mwanajeshi mmoja akasimama, akacheka kwa dharau. "Wewe, treni hapana iko na mpira! Mimi napanda treni Pakwach. Futa!"

Fundi hakugeuka. Alichovya brashi, akaongeza gurudumu la kumi na moja. "Afande, reli inaisha Pakwach. Bila mpira, itafika hapa namna gani?"

Mama mmoja wa Dranya, aliyekalia robota lake la tumbaku, akapiga makofi. "Wacha ikuje! Sisi watu ya hapa tunangoja zamani."

Basi letu halijaondoka, ukuta ulikuwa umeshapakwa chokaa kwa amri ya yule mwanajeshi. Mimi, niliyejiita bingwa wa kalamu, badala ya kumtetea fundi nilijifanya natafuta tiketi yangu mfukoni.

Lakini chokaa ile ilikuwa ya maji, na rangi ya fundi ilikuwa ya mafuta. Niliporudi kutoka Koboko mvua ilikuwa imeshanyesha na kuiosha chokaa, na treni ilikuwa inatoka ukutani, magurudumu yakitangulia.