Bangili ya Ioni Hasi

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Siku niliyomkuta mama amevaa bangili nyeusi ya mpira, akaniambia imejaa ioni hasi za kushusha presha, sasa vidonge vya nini tena, nilipandwa na mori hata salamu nikaisahau.

"Shikamoo kwanza," akasema, macho kwenye ungo. Alikuwa anachagua maharage barazani kwake, mtaa wa Lizaboni.

"Shikamoo mama. Nani kakupa huo uongo?"

"Marahaba. Mwenzetu wa jumuiya. Tulipomaliza rozari akatuvisha wote. Ungekataa wewe, Bikira Maria anakutazama?"

Jamani! Miaka yote hii nafundisha kemia sekondari, halafu ioni zije kuingia kwetu kupitia jumuiya! Na wiki ileile nesi wa kliniki alikuwa amenionya: presha ya mama imepanda vibaya, asipotumia dawa anaweza kupooza.

Nikavuta kigoda. Nikaweka harage moja katikati ya ungo, nikachota punje za mahindi kwenye debe.

"Tazama. Hili harage ni ioni hasi. Ni chembe iliyobeba elektroni moja ya ziada."

"Ya ziada ya nini?"

"Ya ziada tu, mama. Kama mgeni aliyekuja kulala."

"Haya, endelea, mwalimu."

Nikaendelea, tena kwa mbwembwe. Chembe hii ikiwa peke yake hewani, mwanga wa kutosha ukiipiga, elektroni inang'oka. Ikipata maji, mambo yanabadilika. Molekuli za maji zinakuja kuizunguka, kila moja inageuza upande wake wa haidrojeni kuielekea. Nikapanga punje kulizunguka harage. Ikija moja, elektroni inang'oka kwa shida kidogo. Zikija mbili, shida inazidi. Zikiwa kundi, utatafuta mwanga mkali kwelikweli.

"Kwa hiyo hata kama huo mpira unatoa ioni," nikamaliza, "zitazungukwa na unyevu wa hewani hapohapo. Haziingii kwenye damu yako kushusha kitu."

Nilikuwa nimenogewa. Darasani hawanisikilizi hivyo hata siku ya mtihani.

Mama akaanza kuziondoa zile punje, moja moja, akizirudisha kwenye debe.

"Na maji yakiondoka yote?"

"Elektroni inapotea kirahisi."

Akaliokota lile harage lililobaki peke yake. "Vidonge niliacha kabla ya bangili," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike baba yako. Yeye ndiye alikuwa ananimiminia maji, ananisimamia mpaka nimeze. Sasa nikikishika kile kidonge nalia, nakirudisha. Hawa wa jumuiya angalau wanapita kuuliza bangili inanisaidiaje."

Hasira yote ikaniishia palepale. Niliona aibu, nikashindwa hata kumtazama usoni. Bombambili ninakokaa siyo mbali, unapanda bodaboda na hujakaa vizuri umeshafika. Lakini mimi nilikuwa napiga simu. Kila Jumapili, bila kukosa, namuuliza, "Mama, dawa zipo?" Naye ananijibu, "Zipo, mwanangu."

Nikaingia ndani nikafungua kabati. Zilikuwepo, pakiti za miezi mitano, hakijapungua hata kidonge kimoja.